Ukiambiwa ini lina mafuta, ulizia na moyo

Karatasi ya majibu ya altrasaundi ya tumbo huwa na mistari mingi ambayo mgonjwa haisomi. Figo ziko sawa. Wengu uko sawa. Kifuko cha nyongo hakina vijiwe. Kisha katikati ya hayo kuna mstari mmoja mfupi: ini lina mafuta. Anayekabidhi karatasi mara nyingi huongeza maneno mawili matatu ya kumtuliza mtu, kwamba hilo ni la kawaida siku hizi, apunguze tu vyakula vya mafuta. Karatasi inakunjwa, inaingia kwenye mkoba, na habari inaishia hapo.

Naamini mstari ule ni mojawapo ya taarifa muhimu kabisa ambazo mtu mzima anaweza kupewa kuhusu moyo wake. Kinachoniumiza ni kwamba watu wengi wanapewa taarifa hiyo bila kuambiwa kuwa inahusu moyo.

Kwamba ni jambo la kawaida, ni kweli. Takribani watu wazima 3 katika kila 10 duniani wana mafuta ya kupita kiasi kwenye ini. Lakini presha nayo ni ya kawaida, na hakuna daktari anayemwambia mwenye presha aende nyumbani akaisahau. Mtu akisikia ini linaumwa, mawazo yake hukimbilia sirosisi (ini kujaa makovu), macho ya manjano, tumbo kujaa maji, saratani. Hayo yote yapo, na yanawapata baadhi ya watu. Ila watafiti wakiwafuatilia kwa miaka mingi watu wenye mafuta kwenye ini na kuangalia ni nini kilichowaua, kinachoongoza ni magonjwa ya moyo na mishipa ya damu. Saratani za viungo vingine hufuata. Ini lenyewe huja nyuma ya hayo mawili, isipokuwa kwa wale ambao ini lao limeshajaa makovu.

Shangazi yangu, dada wa baba, hajawahi kunywa pombe maishani mwake. Nalisema hili mapema kwa sababu lilimuumiza sana. Alipewa majibu ya ini baada ya kulalamika maumivu ya chini ya mbavu za kulia, na swali la kwanza aliloulizwa, hospitalini na hata na ndugu nyumbani, lilikuwa moja: kwani unakunywa? Aliona aibu kwa jambo ambalo halikuwa lake. Ile karatasi aliificha, na hakuizungumzia tena mpaka siku alipoanza kubanwa kifua kila akipanda ngazi. Hata hapo alisema ni gesi. Tulipomfikisha kwa daktari bingwa wa moyo, yule daktari aliomba makaratasi yake yote ya zamani, akayapitia moja moja, akasimama kwenye ile ya altrasaundi.

"Mama, hii ya ini ulipewa lini?"

"Zamani kidogo, daktari. Waliniambia ni kawaida."

"Walikupima na sukari siku ile? Presha? Mafuta ya kwenye damu?"

"Hapana. Mimi nilikuwa nimeenda kwa ajili ya tumbo."

Nilikuwa nimekaa pembeni yake. Jibu lake halikuwa na kosa lolote. Alikuwa ameenda kwa ajili ya tumbo, akaangaliwa tumbo. Ateri zake mbili za moyo zilikuwa zimeziba kwa sehemu kubwa, akawekewa stenti, yaani kibomba kidogo cha kuiacha ateri wazi, na anaendelea vizuri. Lakini tangu siku hiyo nimesoma kila nilichoweza kupata juu ya uhusiano wa viungo hivi viwili, na haya ndiyo niliyoyaelewa.

Mafuta ya kwenye ini yanatoka wapi

Ini la mtu mzima lina uzito wa karibu kilo moja na nusu, na kila dakika hupitiwa na damu ya karibu lita moja na nusu, yaani kama robo ya damu yote ambayo moyo unaisukuma ukiwa umepumzika. Chakula kikishasagwa tumboni, sehemu kubwa ya virutubisho vyake hupita kwanza kwenye ini kabla ya kufika kwingine. Kuwa na mafuta kidogo ndani yake si ugonjwa. Ugonjwa unaanza kuhesabiwa pale mafuta yanapozidi asilimia 5.

Ushauri wa kupunguza vyakula vya mafuta una mantiki ya juu juu: mafuta kwenye ini, basi acha mafuta. Mwaka 2005 watafiti nchini Marekani walifuatilia chanzo cha mafuta hayo kwa watu wanene wenye ugonjwa huu. Karibu asilimia 59 yalitoka kwenye asidi za mafuta zilizokuwa zikizunguka katika damu, nyingi zikiwa zimeachiwa na akiba ya mafuta ya mwili wenyewe. Asilimia 26 ini lilikuwa limeyatengeneza lenyewe, kwa kugeuza sukari na wanga kuwa mafuta. Asilimia 15 tu ndiyo iliyotoka moja kwa moja kwenye mafuta ya chakula. Kwa hiyo mtu anayeacha vya kukaanga lakini anaendelea na soda na juisi zenye sukari kila siku hajagusa sehemu kubwa ya tatizo. Fruktosi, ambayo ni nusu ya sukari ya kawaida ya mezani, huchakatwa kwa wingi na ini, na ini hilo hilo huigeuza mafuta kwa urahisi.

Nyuma ya yote hayo kuna insulini. Kazi zake ni nyingi, lakini tatu zinahusika hapa. Huziambia seli za mafuta zishike akiba yake, huifungulia misuli mlango wa kupokea sukari, na huliambia ini lisitengeneze sukari mpya wakati iliyopo inatosha. Mwili unapoanza kuwa sugu kwa insulini, kongosho huongeza kiasi ili ujumbe usikike. Akiba ya mafuta, hasa ile ya ndani ya tumbo inayozunguka utumbo, haisikii vizuri, nayo inaachia asidi za mafuta kwenye damu hata pale isipotakiwa. Misuli haipokei sukari ipasavyo. Ini nalo linafanya jambo la ajabu: linapuuza amri ya kuacha kutengeneza sukari, lakini linaendelea kuitikia amri ya kutengeneza mafuta. Matokeo yake ni ini linalotoa sukari nyingi na mafuta mengi kwa wakati mmoja.

Ndiyo maana nasema mafuta kwenye ini si habari ya ini peke yake. Ni dalili kwamba mpangilio mzima wa mwili wa kutunza na kutumia nishati umeyumba.

Kutoka ini hadi kwenye ateri

Ini lililojaa mafuta halikai nayo kimya. Hujaribu kuyatoa. Huyafunga ndani ya chembe ziitwazo VLDL na kuzituma kwenye damu, na kadiri mafuta yanavyokuwa mengi ndivyo chembe hizo zinavyokuwa nyingi na kubwa zaidi. Zikiwa ndani ya damu, hubadilishana mizigo na chembe nyingine. Baada ya mabadilishano hayo, HDL, ile kolesteroli inayoitwa nzuri, inashuka. LDL, ile mbaya, inageuka kuwa chembe ndogo ndogo zenye msongamano mkubwa, ambazo hupenya kirahisi zaidi kwenye kuta za ateri na hukaa kwenye damu kwa muda mrefu zaidi kabla ya kuondolewa.

Hapa kuna jambo ambalo ningependa kila msomaji alishike, kwa sababu ndipo wengi wanapopitiwa. Kipimo cha kawaida cha LDL hupima uzito wa kolesteroli iliyobebwa, hakihesabu chembe zenyewe. Mwenye chembe ndogo nyingi anaweza kupata namba ya LDL inayoonekana nzuri huku kuta za ateri zake zikigongwa na chembe nyingi kuliko za jirani yake mwenye namba ile ile. Shangazi aliwahi kuambiwa kuwa kolesteroli yake iko sawa. Trigliseridi zake, aina nyingine ya mafuta ya damu, zilikuwa juu na HDL yake ilikuwa chini, na hayo mawili yakikutana kwa mtu mwenye mafuta kwenye ini, namba nzuri ya LDL haitoshi kumtuliza. Kuna kipimo cha ApoB, ambacho huhesabu chembe hizo kwa kuwa kila moja hubeba protini moja ya aina hiyo. Mahali ambapo hakipatikani, kuna hesabu isiyohitaji kipimo kingine: chukua kolesteroli yote, toa HDL. Kinachobaki ni mzigo wote wa kolesteroli unaoweza kuziba ateri, na kinaeleza zaidi kuliko LDL peke yake.

Mafuta ya damu ni njia moja tu. Ini ndilo linalotengeneza protini nyingi zinazohusika na kuganda kwa damu, na likiwa limechokozwa na mafuta huongeza fibrinojeni na kile kizuizi kinachochelewesha mabonge ya damu kuyeyuka. Ndilo pia linalotengeneza CRP, ile protini ambayo madaktari huipima kujua kama mwilini kuna uvimbe (inflamesheni) wa chini kwa chini, usioonekana kwa macho na usiouma. Uvimbe wa aina hiyo ukidumu kwa miaka, utando wa ndani wa mishipa ya damu hupoteza uwezo wake wa kutanuka vizuri. Presha hupanda. Sukari inayotolewa na ini usiku kucha nayo huongeza madhara yake.

Na moyo wenyewe, mbali na ateri zake, hauko salama. Watu wenye mafuta kwenye ini huwa na mafuta mengi zaidi yanayouzunguka moyo. Misuli ya chumba cha kushoto hukakamaa, ikawa inabana vizuri lakini hailegei vizuri ili ijae damu. Hiyo ni aina ya moyo kushindwa kazi ambayo ni ngumu kuitambua, maana nguvu ya kusukuma inaonekana nzuri kwenye kipimo huku mgonjwa akiishiwa pumzi kwa kutembea kidogo. Mapigo yasiyo na mpangilio, yale yanayoongeza hatari ya kiharusi, nayo huonekana zaidi kwa watu hawa.

Mwaka 2021 jarida la Lancet Gastroenterology & Hepatology lilichapisha uchambuzi uliojumlisha tafiti 36 zenye watu takribani milioni 5.8. Wenye mafuta kwenye ini walikuwa na hatari ya kupata tukio la moyo au mishipa iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 45. Kwa wale ambao ini lao lilikuwa limeanza kupata makovu mengi, hatari hiyo ilifika kama mara mbili na nusu. Naomba namba hizi zisisomwe vibaya. Asilimia 45 haina maana kwamba karibu nusu ya watu hao watapata shambulio la moyo. Ina maana kwamba, hatari yoyote ambayo mtu angekuwa nayo bila mafuta kwenye ini, izidishe kwa karibu moja na nusu. Kwa kijana asiyevuta sigara bado ni hatari ndogo. Kwa mtu wa miaka 55 mwenye presha, ni jambo la kuamkia kesho asubuhi. Mwaka uliofuata, 2022, Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa tamko rasmi kikiutaja ugonjwa huu kuwa miongoni mwa vinavyoongeza hatari ya ateri kuziba.

Je, ini ndilo linaloumiza moyo?

Swali hili limenishughulisha kuliko mengine yote. Inawezekana ini na moyo vinaugua pamoja kwa sababu vina adui mmoja, huyo usugu wa insulini, na ini limetangulia tu kuonyesha. Au inawezekana ini lenyewe ndilo linalopeleka madhara. Jibu zuri zaidi nililolikuta halikutoka kwenye kliniki bali kwenye vinasaba.

Mwaka 2008 watafiti wa Dallas, Marekani, wakitumia watu walioshiriki katika utafiti mkubwa wa moyo wa mji huo, waligundua badiliko dogo kwenye jeni iitwayo PNPLA3. Mwenye badiliko hilo hukusanya mafuta mengi zaidi kwenye ini tangu mwanzo, na ini lake huwa rahisi kupata makovu. Kama mafuta kwenye ini peke yake yangekuwa yanaziba ateri, watu hawa wangekuwa wa kwanza kwenye wodi za moyo. Hawako hivyo. Jeni nyingine, TM6SF2, inashangaza zaidi. Badiliko lake hulizuia ini kupakia na kutoa mafuta. Mafuta hubaki ndani na ini huumia, lakini damu ya mtu huyo huwa na kolesteroli kidogo, na hatari yake ya shambulio la moyo iko chini kuliko ya wengine.

Ninavyoelewa mimi, hapo pana somo kubwa. Ini linalofungia mafuta ndani hujidhuru lenyewe. Ini linaloyamwaga kwenye damu ndilo linalohusika na moyo, na kwa watu wengi, wale ambao mafuta yao yametokana na usugu wa insulini na uzito wa tumboni, hali ni hiyo ya pili. Kwa hiyo ini ni mshiriki, halafu pia ni kioo cha mambo mengine yanayoendelea. Wanasayansi wataendelea kugawana asilimia za lawama. Kwa mtu aliyekaa mbele ya daktari na karatasi mkononi, jibu halibadilishi kinachotakiwa kufanywa siku hiyo.

Tangu mwaka 1980, Jurgen Ludwig na wenzake wa Mayo Clinic walipoeleza ini la wasiokunywa lililofanana kabisa na la walevi, ugonjwa huu ulibeba jina linalotaja pombe, ingawa kwa kuikana: ini la mafuta lisilotokana na pombe. Mwaka 2023 vyama vya wataalamu wa ini vya Marekani, Ulaya na Amerika ya Kusini vilikubaliana kulibadilisha, na sasa ugonjwa unatambulishwa kwa yale yanayoambatana nao. Ili utajwe hivyo, pamoja na mafuta kwenye ini mtu awe na angalau moja kati ya haya: uzito uliozidi au kiuno kilichopita sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke, sukari ya asubuhi kabla ya kula kuanzia miligramu 100 kwa desilita, au ile ya miezi mitatu kuanzia asilimia 5.7, presha kuanzia 130 kwa 85, trigliseridi kuanzia 150, au HDL isiyozidi 40 kwa mwanamume na 50 kwa mwanamke. Itazame orodha hiyo vizuri. Yote yaliyomo ni yale yale ambayo daktari wa moyo angeyauliza. Nadhani badiliko hilo litawafuta aibu watu wengi kama shangazi yangu.

Wembamba nao wasijihesabu nje. Wapo watu wenye uzito wa kawaida ambao ini lao lina mafuta, mara nyingi wenye kitambi kidogo na misuli michache, na kwa kuwa hakuna anayewashuku, huchelewa kupimwa. Anayekunywa pombe nyingi ana njia yake nyingine ya kufika hapo hapo, na wenye yote mawili hubeba mzigo wa pande mbili.

Baada ya karatasi

Jambo la kwanza ni kutotulizwa na enzaimu za ini. Mtu anaweza kuwa na ALT na AST za kawaida kabisa huku ini lake lina mafuta, na hata makovu. Kinachoamua hatari, ya ini na kwa sehemu kubwa ya moyo pia, ni kiasi cha makovu. Kuna hesabu iitwayo FIB-4 inayotumia vitu vinne: umri, AST, ALT na idadi ya chembe sahani za damu. Unazidisha umri kwa AST, kisha unagawa kwa chembe sahani zilizozidishwa na kipeuo cha pili cha ALT. Chini ya 1.3, uwezekano wa makovu makubwa ni mdogo. Kwa waliofika miaka 65 mpaka huo husogezwa hadi 2. Ikizidi hapo, hatua inayofuata ni kipimo cha ugumu wa ini, kinachofanywa kwa mashine juu ya ngozi bila sindano wala kukata, na matokeo ya chini ya kilopaskali 8 huwa ya kutia moyo.

Pamoja na hilo, mtu apimwe presha, sukari ya miezi mitatu, na mafuta yote ya damu. Aulizwe kama anavuta sigara. Aulizwe kama baba, mama au ndugu wa tumbo moja alipata ugonjwa wa moyo akiwa bado kijana. Hayo yakikusanywa, daktari anaweza kukadiria hatari ya miaka kumi ijayo na kuamua kama dawa zinahitajika.

Kwenye dawa nataka kukaa kidogo, kwa sababu hapa nimeona watu wakijidhuru kwa hofu. Shangazi alipoandikiwa statini, dawa za kushusha kolesteroli, alizichukua na kuziweka kabatini. Alikuwa amesikia kwamba zinaharibu ini, na ini lake lilikuwa tayari lina neno. Nilipomuuliza alinijibu, "Mwanangu, nitibu moyo niue ini?" Hofu hiyo inaeleweka, na inashikiliwa hata na baadhi ya wahudumu wa afya. Lakini statini zinafanya kazi ndani ya ini kwa namna inayolisaidia damu: huzuia kimeng'enya kinachotengeneza kolesteroli, na ini likiona limepungukiwa huongeza vipokezi vinavyoivuta LDL kutoka kwenye damu. Michael Brown na Joseph Goldstein, waliogundua vipokezi hivyo, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Mwaka 2010 uchambuzi wa utafiti wa Ugiriki uitwao GREACE, uliochapishwa katika Lancet, ulionyesha kwamba wagonjwa wa moyo ambao vipimo vyao vya ini vilikuwa vimepanda kiasi, pengine kwa sababu ya mafuta, walinufaika na statini, tena zaidi ya wale wenye vipimo vya kawaida. Mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani iliondoa sharti la kupima ini mara kwa mara kwa kila anayezitumia. Tahadhari ipo kwa mwenye sirosisi iliyofikia hatua ya ini kushindwa kazi, na huyo ana daktari wake wa karibu. Kwa wengine wengi, mafuta kwenye ini ni sababu ya kufikiria statini kwa uzito zaidi, si sababu ya kuzikimbia. Daktari alimweleza shangazi hivyo hivyo kwa upole, na akaanza kuzimeza.

Uzito ndio dawa yenye ushahidi wa muda mrefu. Kupunguza asilimia 5 ya uzito hupunguza mafuta kwenye ini. Asilimia 7 au zaidi hutuliza uvimbe wake. Asilimia 10 huweza kurudisha nyuma hata makovu. Katika utafiti uliofanyika Cuba na kuchapishwa mwaka 2015, wagonjwa 293 walifuatiliwa kwa wiki 52 wakibadilisha ulaji na mazoezi tu. Kati ya waliofikia asilimia 10, tisa katika kila kumi walipona uvimbe wa ini, na makovu yalipungua kwa asilimia 45 yao. Utafiti huo ulionyesha pia kwamba waliofikia kiwango hicho walikuwa wachache, na nadhani ni haki kulisema hilo wazi ili asiyefika asijione ameshindwa. Mwenye kilo 80 akipunguza 4 tu tayari ini lake limepata nafuu, na presha na trigliseridi zake nazo huwa zimeanza kushuka.

Kasi ya ini kuitikia inatia moyo. Profesa Roy Taylor wa Newcastle, Uingereza, alionyesha mwaka 2011 kwamba wagonjwa wa kisukari cha aina ya 2 waliowekwa kwenye mlo wa kalori 600 kwa siku, chini ya uangalizi, walipoteza takribani asilimia 30 ya mafuta ya ini ndani ya siku 7, na sukari yao ya asubuhi ikarudi kawaida katika muda huo huo. Simshauri mtu ajaribu mlo kama huo peke yake, hasa akiwa anatumia dawa za sukari. Nalitaja kwa sababu wengi hudhani ini likishajaa mafuta limekwisha.

Mazoezi husaidia hata mizani isiposogea. Misuli inayofanya kazi hupokea sukari bila kungoja insulini sana, na mafuta ya ini hupungua ingawa uzito umebaki pale pale. Dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa haraka ndicho kiwango kinachopendekezwa, na kinalinda moyo kwa wakati mmoja.

Dawa za ini lenyewe ni mpya. Resmetiromu ilipata idhini Marekani mwezi Machi 2024, kwa wenye uvimbe na makovu ya kati hadi makubwa ambao hawajafika kwenye sirosisi. Semaglutaidi, sindano ya wiki iliyoanza kama dawa ya kisukari, iliidhinishwa kwa kundi hilo hilo Agosti 2025. Hii ya pili inanivutia zaidi kwa sababu ya utafiti wa SELECT wa mwaka 2023: kwa watu zaidi ya 17,000 wenye uzito mkubwa na ugonjwa wa moyo, wasio na kisukari, ilipunguza matukio makubwa ya moyo kwa asilimia 20. Ni dawa moja inayogusa viungo vyote viwili. Ni ghali, haifai kwa kila mtu, na wengi wakiiacha uzito hurudi.

Nimezungumza muda wote na mtu aliyeanzia kwenye ini. Lakini wapo wengi zaidi walioanzia upande wa pili, wanaohudhuria kliniki ya sukari, presha au moyo kila baada ya miezi michache, na ambao hakuna aliyewahi kuwatajia ini. Miongozo ya sasa inataka wenye kisukari cha aina ya 2, na wanene wenye kasoro nyingine kama presha au mafuta ya damu, waangaliwe kama ini lina makovu. Hakihitajiki kifaa kipya kwa hatua ya kwanza. Umri wako unajulikana, na AST, ALT na chembe sahani mara nyingi zimo tayari ndani ya jalada lako, zimepimwa kwa sababu nyingine. Muulize daktari au muuguzi wako FIB-4 yako ni ngapi, na kama haijawahi kupigwa hesabu, muombe aipige ukiwa umekaa hapo hapo.